Mama kaniamkia

Zabibu, mama kaniamkia. Mama yangu mzazi, kaniamkia mimi!

Nimemleta hospitali leo toka kijijini Mgori. Ule weupe wa jichoni tuliokuwa tunasema ni mtoto wa jicho, tusubiri ukomae? Siyo. Daktari kasema ni kalsiamu, imeganda kama chokaa kwenye kioo cha jicho. Wanaweza kuikwangua, ila kwa ndani jicho limeshakufa. Tumechelewa. Na la pili limeanza.

Nikatoka kuchukua dawa. Narudi, nasimama mbele yake pale kwenye benchi, sijasema kitu, akainua uso akanitazama kabisa: “Shikamoo, mama.”

Yaani shikamoo! Na benchi zima linasikia. Ningesema “ni mimi, Swaumu,” angejua mbele za watu kwamba hamuoni mwanawe.

Nikabana sauti asinitambue, nikaitikia marahaba.