Muzee Bahati analaza pikipiki yake

Jumamosi, siku ya posho, mangaribi

Na mimi niko wa kwanza kumucheka, kila siku, pa parkingi yetu ya Bigo, sisi motari wenye kubeba watu na mizigo kwa pikipiki! Muzee Bahati hainui kitu bila kukizunguka kwanza kama vile anakinunua. Ni sababu ya mugongo. Ulimulaza miezi mingi, na munganga alimwambia: ukiharibika tena, pikipiki basi. Na nyumba yake yote inakula kwa hiyo pikipiki.

Leo njia ya Komanda ilikuwa matope tupu. Pikipiki yake ikaanguka na mifuko miwili ya maharagi. Nikaacha yangu, nikakimbia: "Muzee, kaa pembeni, nguvu imefika!"

"Tufungue mizigo kwanza, mutoto."

"Weye ndiye muzee. Mimi niko dume!"

Nikainama, nikavuta. Kiuno kikalia. Nikaachilia, nikajifanya ninatafuta simu.

Muzee akashusha mifuko. Akaipa pikipiki mugongo, akachuchumaa, matako kwenye kiti, mukono mumoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha mizigo. Akasukuma na miguu, hatua ndogo ndogo za kurudi nyuma. Nilimuogopea, kumbe hata hakuhema. Ikasimama.

"Mugongo unabaki wima," akasema. "Miguu ndiyo inafanya kazi."

Kisha akailaza tena matopeni, polepole. "Sasa weye."

Nilijaribu mara mbili; mara ya pili ikasimama. Kesho nitawaambia wenzetu wa parkingi ilikuwa mara ya kwanza.

Lakini hapa ninaandika kweli. Motari gani mwingine wa Bunia analaza pikipiki yake mu matope, ili mutoto mwenye kumucheka asivunjike?