Mtandao Unaoitwa Sukkara

Amman, 9 Januari 2022

Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nakubusu mkono na kichwa. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba nyonga inaendelea vizuri tangu upasuaji. Mimi sijambo, ila baridi ya Amman mwaka huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Msalimie Umm Karim wa ghorofa ya tano, umwambie Mungu amlipe kwa kukulishia njiwa.

Najua daktari amesema ngazi basi, na najua ulivyonuna. Umm Karim ananiambia kila magharibi unakaa dirishani, huko chini ghorofa ya kwanza, shingo nje, ukijaribu kujua nani kaingia bandani huko paani na nani kavutwa na kundi la jirani. Umeniandikia kwamba mwenye njiwa asiyejua habari za njiwa wake ni heri awauze kabla ya Idi. Nami nilikwambia: uza basi, uje ukae nami. Lakini kabla hatujafika huko, nipe nafasi moja.

Nimempa Hajja Wedad kifurushi, anasafiri Alhamisi. Ndani kuna kibao cha kijani, chembamba, kinaenea kwenye kiganja. Hicho ni kompyuta ndogo yenye antena yake, nacho kinaweza kuingia kwenye mtandao bila waya. Tutakiweka bandani, na kwenye kile kitundu cha kuingilia tutafunga swichi. Kila njiwa akipita, swichi inabonyezwa, kibao kinahesabu. Umm Karim akifunga banda magharibi, kibao kinatuandikia wewe na mimi: wamerudi wangapi.

Usianze na njiwa, tafadhali. Nakujua. Anza na taa. Kichomeke kwenye laptopu yangu ya zamani, hiyo unayoniandikia, fungua programu niliyoiita Kwanza, kisha bonyeza mshale. Taa ya buluu ikipepesa, kiko hai. Simu masikio yako hayaitaki tena, kwa hiyo niandikie.

Mwanao,
Ibtihal


Imbaba, Kairo, 17 Januari 2022

Binti yangu Ibtihal,

Waalaykum salaam. Mimi mzima, nyonga nayo ni ya mtu mwingine, wameniazima tu. Umm Karim anakusalimu, na anasema umekonda kwenye picha.

Kidude chako kimefika. Hajja Wedad alikunywa chai bilauri tatu kabla ya kukitoa mkobani. Nimekichomeka. Taa nyekundu imewaka, ya buluu hakuna, na laptopu inasema haioni kitu. Nimebonyeza mshale mpaka kidole kimechoka. Miaka yote ile matbaani nilipanga herufi za risasi kinyumenyume, na hakuna herufi iliyonishinda. Hiki kinanitazama kwa jicho jekundu kama ofisa wa pasipoti.

Mwanangu, umenitumia maiti.

Baba yako


Amman, 18 Januari 2022

Baba,

Salamu nyingi, na pole kwa kidole. Umetumia waya gani? Usiniambie ni ule wa kuchajia simu ulioununua barabarani. Waya ule unapitisha umeme tu, haupitishi maneno. Kibao kinapata chakula lakini hakisikii unachokiambia. Tafuta waya mweusi kwenye kifurushi, chini ya mfuko wa viungo vya zaatar. Nilikuwekea makusudi, nikijua utafungua zaatar kwanza na usiangalie chini.

Mwanao,
Ibtihal


Imbaba, 23 Januari 2022

Binti yangu,

Salamu. Sote wazima, na mimi leo ni mzima kuliko jana.

Inapepesa! Nilikaa naitazama muda mrefu, taa moja ndogo inawaka na kuzima, mtu mzima na mvi zangu. Umm Karim akapiga vigelegele mpaka wa ghorofa ya pili wakaja kuuliza nani kachumbiwa.

Kisha nikafungua programu yako ya pili, nikaandika jina la mtandao wangu wa hapa ndani na neno lake la siri. Kibao kikatafuta, kikajibu: Nimeingia. Neno moja tu, lakini lilinifurahisha kuliko barua za kaka yako.

Ila huko juu mambo yameharibika. Umm Karim amekifunga bandani kama ulivyochora, na kimekuwa bubu. Sikukiacha wazi kichafuliwe na njiwa, nimekitia kwenye kopo tupu la samli, na kifuniko chake, nikatoboa tundu la waya. Na kabla ya hapo, tulipokijaribu hapa chini, Umm Karim alibonyeza swichi mara moja, kikahesabu njiwa watatu. Kibao chako kinatia chumvi.

Baba yako


Amman, 25 Januari 2022

Baba yangu,

Nakubusu mkono. Nimecheka mpaka wenzangu kazini wamenigeukia. Nyumba nzima ya Kairo imetiwa kwenye makopo ya samli: sindano, misumari, vitunguu, na sasa antena. Baba, bati linazuia mawimbi. Umekifungia kibao chumbani ukakiambia kiite watu. Kihamishie kwenye kisanduku cha plastiki cha halawa.

Kuhesabu watatu ni kwa sababu swichi inatetemeka inapobonyezwa, na kibao kina haraka, kila mtetemo kinauona njiwa. Nimekitungia maneno ya kukifundisha subira, yako kwenye programu mpya.

Lakini hata ukitoa kopo, mtandao wako hautafika huko juu. Dari tano za zege ni nyingi. Inabidi tupate mtandao ulio karibu na paa. Fungua programu inayoitwa Tafuta. Kibao kitasikiliza hewani na kukuandikia majina ya mitandao yote iliyo jirani, yenye nguvu kwanza. Mwambie Umm Karim apande na laptopu, kibao kikiwa kimechomekwa. Wewe usipande. Ukiona jina lenye nguvu, mwombe mwenyewe neno la siri, ndiyo basi.

Mwanao,
Ibtihal


Imbaba, 2 Februari 2022

Ibtihal,

Salamu. Mimi mzima, usiulize zaidi.

Umm Karim alipanda na laptopu kichwani kama sinia ya kahk, biskuti za Idi, akaiacha juu ya kiti kando ya banda, akaishusha. Majina yametoka. Mengi hafifu. Moja lina nguvu kuliko yote, linatoka paa la ukuta kwa ukuta na letu, na unajua linaitwaje? Sukkara.

Sukkara! Jina alilompa mama yako yule njiwa jike mweupe, aliyekuwa akila kwenye kiganja chake. Na nani kwenye paa lile ana televisheni ya kutazamia mpira na mtandao wake? Gouda. Gouda aliyempigia mluzi Sukkara akamshusha kwake siku ya arobaini ya mama yako, mimi nikiwa ndani na waombolezaji. Leo ameandika jina lake hewani, kila mwenye simu mtaani alisome.

Sheria ya paa unaijua, umekulia nayo. Walio kwenye amani hurudishiana njiwa. Walio vitani, anayeshuka kwako ni wako, na mwenye njiwa haendi kuomba. Sijaomba miaka mitano. Sasa unataka niende nikaombe neno la siri? Njiwa wangu sikumwomba, ndiyo niombe mtandao?

Ijumaa nitamwita dalali. Akishawachukua, nitakujia Amman, nikae dirishani kwako nisiwe na cha kutazama.

Baba yako


Amman, 3 Februari 2022

Baba yangu,

Salamu, na pole. Nimelia kuliona jina lile.

Nakutaka Amman, sifichi. Chumba kipo, na kila nikisikia neno ngazi roho inakuwa juu. Lakini sikutaki uje kwa hasira. Ukiwauza kwa sababu umechoka, nitakupokea uwanja wa ndege kwa maua. Ukiwauza kwa sababu ya Gouda, utakaa kwangu ukigombana na Gouda, nami ndiye nitakayejibu kwa niaba yake.

Umejuaje kwamba ni kejeli? Umemuuliza?

Mwanao,
Ibtihal


Amman, 19 Februari 2022

Baba,

Assalamu alaykum. Hujanijibu. Umm Karim naye ananiambia mzima, mzima, kisha anabadilisha mazungumzo. Dalali amekuja? Niandikie hata neno moja. Ukiwa umeshawauza sitasema kitu.

Mwanao,
Ibtihal


Amman, 27 Februari 2022

Baba!

Salamu tele. Nilikuwa napika kushari, wali wa dengu na vitunguu, simu ikalia. Nikadhani ni kazini. Ni kibao. Kimeandika kama nilivyokifundisha: Banda limefungwa. Wameingia 26. Wote wamo. Na chini yake, jina la mtandao kilikopitia: Sukkara.

Vitunguu vimeungua. Nimekaa chini sakafuni na simu. Wote wamo! Umefanya nini, baba yangu?

Mwanao,
Ibtihal


Imbaba, 6 Machi 2022

Binti yangu mpenzi,

Waalaykum salaam warahmatullah. Natumai mzima, na kwamba umenunua vitunguu vingine. Mimi sijambo. Nilikunyamazia kwa sababu nilikuwa nabishana na wewe kichwani, na kila mara ulikuwa unashinda.

Dalali alikuja. Aliwaangalia njiwa, akamshika mmoja vibaya, kwa bawa, na Umm Karim akamteremsha ngazi zote kwa ufagio. Nikaona sina moyo wa kuuza. Jumatano, siku chache kabla ya ujumbe uliokufikia, nikachukua mkongojo nikaenda mkahawani.

Gouda alikuwa anacheza domino. Hakuinua macho. Akasema, “Kaa, nyonga hiyo itakuangusha, watu waseme nimekusukuma.”

Nikamwambia, “Sikuja kukaa.”

“Basi kaa huku unasema hukuja kukaa.”

Nikakaa. Wajua masikio yangu, kwa hiyo yeye alipiga kelele, na mkahawa mzima ukawa unasikiliza. Nikasema, “Gouda, nataka neno la siri la mtandao wako.”

“Wanataka wengi. Unaomba?”

“Naomba.”

“Sijasikia.”

“Wewe ndiye kiziwi au mimi? Naomba!”

Akaziweka domino chini. Akasema, “Helmi, miaka mitano nangoja mdomo huo useme neno hilo. Siku ile kulikuwa na kipanga juu ya mtaa. Kundi lako linazunguka hovyo, hakuna wa kulipungia bendera, hakuna wa kuliita. Nikapiga mluzi. Wa kwako wengine wote wakakimbilia kwako, Sukkara akashuka kwangu. Nikasema, akimaliza matanga atakuja kuuliza. Hukuja. Ukajianzishia vita peke yako, mimi nikaambiwa na watu kwamba nimo.”

“Na jina lake kulitundika hewani?”

“Ndiye ndege mzuri kuliko wote kwenye mapaa haya. Ulitaka niuite Gouda?”

Watu wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Akaniandikia neno la siri nyuma ya pakiti ya sigara. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: tukishapatana, lazima ndege arudi, sheria ni sheria. Kesho yake alikuja mwenyewe na kikapu. Sukkara amezeeka, Ibtihal. Jicho moja lina ukungu. Nilimshika kwenye mapaja yangu, hapa hapa ninapokuandikia, nikamwambia habari za mama yako.

Umm Karim akampeleka bandani. Akamlisha ndani siku kadhaa, kisha akafungua. Sukkara akazunguka mara mbili juu ya paa letu, akaenda kutua kwa Gouda. Jioni kibao kikaandika 26. Kwetu yeye hayumo.

Nililia. Sikulia kwa kushindwa. Nililia kwa sababu nilimwelewa. Miaka mitano amekula nafaka ya pale, amelea makinda pale. Pale ni kwake. Na nikikueleza ukweli, wewe nawe nimekuwa nikikungoja hivyo hivyo, dirishani, nikinuna kimoyomoyo kwamba kila mwaka unasema mwakani. Sikukuambia. Leo nimekwambia.

Njiwa siuzi, na Amman siji kuhamia. Ngazi sipandi, naapa. Jioni Gouda anachungulia banda langu kutoka paa lake na kunipigia kelele dirishani, na mimi namjibu kwamba ninazo habari tayari, kibao kimeniambia kabla yake. Anakasirika sana.

Baba yako


Amman, 24 Machi 2022

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai wewe na Umm Karim wazima, na Gouda pia, sasa yumo kwenye salamu. Barua yako naisoma kila nikipata nafasi. Kuhusu lile la dirishani: Nimeomba likizo ya Idi, bado hawajanijibu kazini.

Leo nina jambo la ufundi. Jana jioni kibao kimeandika: Wameingia 27. Njiwa wako ni 26. Nadhani swichi imeanza kutetemeka tena na kibao kimemhesabu mmoja mara mbili. Mwambie Umm Karim aifute vumbi, nami nitakiongezea subira kidogo. Kwa kibao hiki, kosa dogo kama hilo ni la kawaida, usihofu.

Mwanao,
Ibtihal


Imbaba, 25 Machi 2022

Binti yangu,

Waalaykum salaam. Sote wazima, na Gouda anarudisha salamu kwa kelele.

Usikiguse. Hakijakosea. Juzi magharibi Umm Karim alipokwenda kufunga alimkuta Sukkara ndani, kwenye kona yake ya zamani, aliyokuwa akilala enzi za uhai wa mama yako. Aliingia mwenyewe, kwa kitundu, kama wenzake. Asubuhi akala, akaondoka kwenda kwa Gouda. Jana hakuja. Leo hatujui. Gouda anadai namharibu kwa mtama. Nimemwambia ana nyumba mbili, wala hadaiwi na yeyote.

Wakikupa likizo, njoo. Wakikunyima, usiumie, najua uko kwako. Kila magharibi kibao kikishaandika kwamba wote wamo, mimi huongeza mmoja mwenyewe, wa Amman.

Baba yako