Mota Mbili Mezani

Fundi wangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu, kipashe moto. Anua nguo, mvua inakuja.

Samahani kwa kukufokea asubuhi. Nilikuwa jikoni, nikasikia unazungusha zile mota mbili za marehemu baba yako kwa kidole, tik-tik-tik, vile vile alivyokuwa akifanya akisubiri chai. Basi nikammiminia. Nimeshakoroga sukari ndipo nikakuona wewe.

Uliuliza ufunge ipi kwenye ile ndege yake ndogo ya kuchezea. Funga ile ambayo ganda lake ndilo linalozunguka. Haina mbio, lakini pangaboi kubwa la ndege inalimudu. Ile inayozunguka ndani kwa ndani ina mbio sana, ukiibebesha pangaboi hilo itaungua. Hiyo ni ya boti. Baba yako alikuwa akinitania kwamba ya ganda ni mimi, ya mbio ni yeye. Kweli, mbio alikuwa nazo. Si unaona alivyotutangulia.

~~Zifungie kabatini, nisizisikie tena.~~

Hapana, mota ziache hapo hapo mezani. Kesho asubuhi zizungushe tena, ila usiniamkie upesi. Niache nimmiminie chai kwanza.

Mama yako