Msitu Niliowaonyesha

Nyumba ya Kisimani,
Vaursac,
Corrèze, Ufaransa.
Alhamisi, 26 Oktoba 2023.

Mpendwa kaka yangu Régis,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Kanada, Chicoutimi kwenu? Wifi yangu Maude mgongo wake umetulia, au bado anainuka kitandani kwa kuapiza? Na binti yenu Élodie, amekwisha zoea chuo? Hapa mimi afya ninayo, nashukuru, ila usingizi umenikimbia. Yvon mume wangu naye yuko vilevile, kila jioni supu ina kasoro, kwa hiyo ujue ni mzima.

Hali ya Baba bado si nzuri. Nyonga imeungwa, lakini sasa ni mapafu. Nitakueleza.

Tulipoongea kwa simu Jumamosi nilikuambia alianguka msituni akiokota uyoga, tukamtafuta, tukampata. Yote ni kweli. Ukaniambia, "Mdogo wangu, umemwokoa mzee." Mimi nikasema wageni wamefika, nikakata. Hakukuwa na mgeni yeyote mlangoni, Régis. Nilikaa jikoni na simu mkononi, nikalia mpaka Yvon akadhani tumefiwa. Kuna jambo sikukuambia, na kwa simu lisingetoka. Nalileta kwa kalamu, na naomba ulisome mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Mwaka huu vuli ilikuja vizuri sana. Mvua zilinyesha Septemba, halafu jua la uvuguvugu, na vyumba vyetu vyote viwili vya kupangisha vikajaa wageni. Asubuhi wanapanda baiskeli kwenye njia ya reli ya zamani, mchana wanashuka na mitumbwi mpaka darajani, jioni wanarudi na matope nyumba nzima. Na Baba, miaka themanini na minne, bado kila Jumanne anawatembeza. Anawapeleka magofu ya ngome, anawapeleka maporomoko, na uongo anaowapigia juu ya ile ngome, we acha tu. Mwezi huu bwana wa ngome alikuwa na wake saba. Mwaka jana walikuwa wanne.

Na wakimwuliza uyoga, unamjua. Anatabasamu kama padri, kisha anawaelekeza kwenye misonobari ya kanisa dogo la Mtakatifu Roko, ambako haujawahi kuota hata mmoja wa kufaa. Wanarudi na vikapu vitupu, anawapa pole.

Gari lake nalo hulifundisha uongo. Hakuna siku aliliegesha anakookotea. Huliacha palepale kanisani, mtu yeyote alione, halafu anakata kwa miguu mashambani, kilomita mbili nzima, hadi mahali pake. Sisi tulikua hivyo, hatukuona ajabu. Wewe ndiwe mkubwa, ungeambiwa mahali hapo siku ya mwisho ya Baba, kama yeye alivyoambiwa na Babu.

Ila mimi nilikuwa napajua. Hilo ndilo la kwanza sikuwahi kukuambia. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilimfuata nyumanyuma, nimevua viatu nisisikike. Ni Bonde la Kinu, nyuma ya kinu cha maji kilichobomoka, juu ya kijito, kwenye mialoni. Nimekaa na siri hiyo zaidi ya miaka arobaini.

Basi Jumatano ya tarehe kumi na nane alitoka saa moja asubuhi. Saa sita mchana meza iko tayari, Baba hayupo. Régis, lini Baba amewahi kukosa chakula cha mchana? Yvon akaenda akaliona gari kanisani. Saa nane na nusu uwanja wa kijiji ulikuwa umejaa: askari na mbwa wao, wageni wangu wa Kiholanzi na mabuti yao, na jirani yetu Mzee Marcelin, ambaye kwa miaka thelathini amemvizia Baba msituni apate kujua anakookotea. Nadhani unakumbuka alivyojificha kwenye tela la nyasi, Baba akamwona, akazunguka naye kijiji kizima mpaka mchana.

Mkuu wa askari akaniuliza, "Mama, baba yako huwa anaokotea wapi uyoga?"

Marcelin akageuza kichwa, sikio moja limeelekea kwangu. Na mimi, mwanamke mzima, baba yangu hajulikani aliko, nikainua mkono nikaonyesha misonobari. Nikasema, "Gari liko kule, basi naye yuko kule."

Sikupanga. Mdomo ulisema wenyewe, na kidole kikaufuata. Nilijiambia nitamvuta yule mkuu pembeni nimnong'oneze, lakini alikwisha ingia garini. Halafu nikajiambia, ah, huenda leo kweli hakufika mbali, mzee huyu miguu imechoka, huenda yuko palepale kanisani. Kaka, nilikuwa najidanganya na nilijua najidanganya. Nikaingia msituni pamoja nao, nikawa naita "Baba! Baba!" mahali ambapo nilijua hayupo.

Tuliita hivyo zaidi ya saa mbili. Karibu saa kumi na moja Marcelin akatoka kichakani. Uso umechanwa na miiba, goti lake bovu analiburuta, sauti imemkauka kwa kuita. Akaniambia, "Nimemaliza upande wote wa chini. Nikimpata huyu mpuuzi, kofi kwanza, kukumbatiana baadaye." Na machozi yalikuwa yanamtoka.

Hapo nikashindwa. Nikamkimbilia mkuu wa askari, nikamshika koti. "Siyo huku. Ni Bonde la Kinu."

Akanitazama. "Umejua lini?"

"Tangu nina miaka kumi na mitatu."

Alipuliza filimbi, wakaondoka mbio. Dakika ishirini, Régis. Dakika ishirini tu, mbwa akambwekea.

Alikuwa amelala kando ya kijito, miguu yote miwili majini. Ametetemeka mpaka ameacha kutetemeka. Na koti lake hakulivaa. Alikuwa amelivua akafunikia uyoga, ule uliokuwa kikapuni na ule ambao haujang'olewa bado, ili watakaomkuta wasione. Neno la kwanza alilosema, kabla ya maji, kabla ya "nyonga yangu", lilikuwa, "Marcelin yupo?"

Askari mmoja kijana alicheka, kisha akajutia kicheko chake.

Hospitalini walimpasua kesho yake, na upasuaji ulikwenda vizuri. Lakini baridi ilikwisha ingia kifuani. Daktari ni mama mmoja mpole, anaongea polepole. Nilimwuliza wazi kama zile saa mbili na nusu zilileta tofauti. Akasema zimechangia, kiasi gani hawezi kunipimia. Nilitamani anidanganye, lakini huyo si mtu wa huku kwetu.

Jumatatu nilikwenda kwa Marcelin. Nilimkuta uani anamenya tofaa, goti limefungwa bendeji. Nilimwambia yote, kwamba nilidanganya kwa sababu yake yeye, kwa sababu alikuwa amesimama pale. Nikamwambia, "Vaa kofia yako twende, nikuonyeshe mahali penyewe. Nimechoka napo."

Aliendelea kumenya. Kisha akasema, "Miaka thelathini namnusa babako, leo unaniletea kwenye sahani? Nenda zako, Ghislaine."

"Sina utani, Mzee Marcelin."

"Na mimi sina. Nikipajua, kesho na mimi nitawaonyesha watu upande wa kanisa." Akanipa tofaa moja. "Mpelekee. Mwambie bado sijampiga kofi."

Alinisamehe au hakunisamehe, mpaka leo sijui.

Sasa sikiliza la jana, ndilo lililonikalisha niandike. Yvon, na mdomo wake usio na kufuli, alikuwa amemsimulia Baba jinsi nilivyowaelekeza askari kanisani. Alisimulia kama kichekesho, maskini, alitaka kumchangamsha mgonjwa. Nilipoingia wodini Baba akawatoa wote nje, hata muuguzi. Ana mpira wa hewa puani, midomo imekauka, maneno mawili anapumzika. Alinishika mkono.

"Nimesikia," akasema. "Kijiji kizima, na Marcelin kasimama pale. Na hukutetereka."

Nikasema, "Baba, nilikosea."

"Ulikosea mwishoni tu." Akakohoa sana, nikamfuta mdomo. "Mahali pale palikuwa pa Régis, ndiyo desturi. Lakini Régis ataropoka, wa Kanada wanaropoka. Nakupa wewe. Sasa ni pako."

Kisha akanielekeza, hatua kwa hatua, kinu, kijito, mwaloni uliopasuka, kana kwamba sijawahi kufika. Pumzi hana, lakini alihakikisha sijaacha hata jiwe moja. Alipomaliza akanivuta karibu akaniambia, "Na siku nyingine, hata mwisho usiseme."

Régis, sijawahi kumwona Baba akinitazama vile. Miaka yote hii nimempikia, nimemfulia, nimemnyoa ndevu, na ile ndiyo siku aliyonijivunia. Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyemlaza majini saa mbili na nusu. Nilifungua kinywa. Nikambusu mkono, nikasema, "Ahsante, Baba."

Daktari anasema wiki hii ndiyo itakayoamua. Usingoje Krismasi, kaka. Panda ndege. Ukifika, kaa naye wewe kwanza, mimi nitakungoja nje, halafu uniambie kama nimwambie ukweli au nimwache aende akinisifu. Mimi peke yangu siwezi kuamua, na Yvon nikimwuliza ataniambia nile kwanza.

Mbusu wifi Maude kwa niaba yangu. Mwambie Élodie asome, na kwamba shangazi yake anamfumia soksi nene. Yvon anakusalimu. Marcelin hakunituma salamu, lakini jana aliniuliza utafika lini.

Mungu awafunike nyote nyumbani kwenu, na akulete salama angani na barabarani.

Mdogo wako akupendaye, hata kama leo wewe hunipendi,

Ghislaine