Eliza Hatakuja Kwenye Tanga Lako

Mama Eliza,

Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto. Mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Eliza anaumwa. Ulipoondoka alikuwa mzima. Baadaye taya likavimba. Tukasema jino, si unajua kwetu taya likivimba ni jino tu. Akang'olewa. Uvimbe ukazidi. Tukashuka mlima hadi Mombo, tukapanda basi, hospitali kubwa wakasema saratani. Siyo kama yako. Hii ni ya watoto.

Sasa sikia kinachoniudhi. Redioni wanasema wataalamu wana kompyuta ya aina mpya, kwanta sijui nini, inapiga hesabu ambazo hizi za kawaida zingezeeka nazo. Wanataka iwasaidie kutafuta dawa za saratani. Nikamuuliza dokta, hiyo huku inafika lini? Akacheka kidogo.

"Baba Eliza, hiyo bado wanaijaribu. Dawa ya Eliza ipo, ni hii dripu, ya miaka mingi. Inaponya watoto wengi wakimaliza. Kuna utafiti mwingine, wanauliza kwa nini wazazi wanawatoa watoto wodini dawa haijaisha."

Nikaificha simu mfukoni. Maana nilikuwa nimetoka kuongea na dada yako.

Anataka Eliza aje kwenye kuondoa tanga lako, kumaliza msiba. Tulipokuzika watoto wote wa ukoo walinyolewa. Eliza alikimbilia kwenye migomba akilia, nikasema aachwe. Sasa dawa imemtoa nywele zote. Dada yako kaona picha, akasema, "Umeona, shemeji? Mama yake kamnyoa mwenyewe. Anamwita. Mlete anyolewe kwa desturi, marehemu atulie."

Nikamwambia anyolewe nini, kichwa chenyewe kama yai. Hakucheka. Baba yako naye kasema nisipomleta nisikanyage kwake.

Na siku ya tanga ndiyo siku ya dripu. Dokta kasema tusiruke hata moja.

Nimechoka, Mama Eliza. Watu huko wanaunda mashine za ajabu watoto wapone. Mimi huku nagombana juu ya nywele. Kulima shamba la mtu kutwa nzima ni afadhali. Jembe halikubishii.

Eti unamwita. Wewe? Ukungu ukiingia ndani ulikuwa unaniambia, "Mgosi, funga mlango, huo umefuata sukari yetu." Eliza anawaambia manesi hivyohivyo, hata jua likiwaka. Wanacheka. Siku yako ya mwisho ulikuwa huwezi hata kumeza uji, bado ukamfukuza aende shule. Hukutaka akuone. Mtu kama huyo ndiye amwite mtoto kaburini?

Sikuweza kuwaeleza hivyo. Mimi maneno sina. Asubuhi nimepiga simu nikasema hatuji, basi. Dada yako kakata. Tangu hapo simu imenyamaza. Naona tumebaki wawili, mimi na Eliza.

Kwaheri, mke wangu. Tanga wataondoa bila sisi, usituone wabaya. Dokta hajasema atapona. Amesema tumalize. Nakuahidi tutamaliza. Hatoki hapa mpaka dokta mwenyewe atufungulie mlango.

Na pale pembeni yako kwenye kaburi ni pangu mimi. Usimpe mtu.

Mumeo,
Baba Eliza