Wafugaji Wanne wa Bahi

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Huku upepo unavuma mpaka chai ina mchanga. Niko Bahi. Kamati ya Bunge imenituma, mimi nisiye mtu wa wizara, nihakiki taarifa ya wizara kuhusu athari za muswada wa kuuza majosho ya serikali ya kuogeshea mifugo. Imeandikwa kuwa wafugaji wanne waliulizwa na wote wameafiki: Mashaka, Tabu, Sikujua na Shida.

Nikamwomba Mzee Ndahani, mwenye boma, anikutanishe nao. Akanitazama.

"Hao ni ng'ombe wangu. Yule bwana wa wizara alitaka majina ya wanaotumia josho."

"Na kuafiki?"

"Aliuliza kama josho wanalikubali. Nikamwambia hawajawahi kukataa."

"Wewe mwenyewe unakubali liuzwe?"

"Kumbe linauzwa?"

Mchana akanikaribisha ugali wa uwele na nyama laini ajabu. Nilipoisifu, akasema kwa upole, "Huyo ni Tabu."

Wabusu watoto, nawe uniombee Jumatatu. Kamati ikiniuliza kama nimeonana na wote wanne, itabidi nikiri kuwa mmoja nimemla.

Mdogo wako,
Hamisi