Ukaguzi wa Mikoko na Viatu vya Afisa

Jumatano, baada ya isha

Matope bado yamo kwenye kucha, nimesugua mpaka nimechoka.

Leo kamati yetu ya raia ilikwenda kukagua mikoko ya serikali kwenye mkondo wa Siyu. Afisa wa misitu, Bwana Athman, alikuja na viatu vinavyong'aa kama vya bwana harusi. Akanyoosha kidole tukiwa botini.

"Bi Zuhura, waona? Msitu mzima. Tia sahihi twende zetu."

"Nataka kuona ndani," nikamwambia.

"Ndani hakuna ndia ya kupita."

Nikashuka. Hatua ya nne nikazama mpaka mapajani, mwalimu mstaafu mzima, buibui limetanda juu ya matope. Maskini, Bwana Athman aliruka kuniokoa na viatu vyake vile vile. Tukavutana, tukatokea upande wa pili wa miti.

Nyuma ya ule mstari wa mbele palikuwa peupe, visiki vitupu, hata miti michanga imekatwa. Kibali cha wakataji kinaruhusu iliyokomaa tu.

"Miaka yote nakagua kwa boti," akasema polepole.

Sikumcheka. Haya, nilimcheka kidogo.

Akachukua fomu, akaandika mwenyewe kwamba ameona kwa macho yake, akatia sahihi kabla yangu.

Kusema kweli naogopa. Wakataji ni watu wetu, wengine niliwasomesha, na wana watoto wa kulisha. Ripoti naipeleka ofisini asubuhi na mapema, kabla hajaja mtu na sahani ya halua kunibembeleza.